Saa janja mkononi, akili mfukoni

Igeuze saa janja uitazame tumboni. Katikati mna vitaa viwili au vitatu vya kijani vinavyomulika ngozi, na chini yake vijipini viwili vya kushikia waya wa chaji. Upande wa mbele ni kioo cheusi kinachoamka ukiinua mkono. Mkanda ni wa saa, umbo ni la saa, na hufungwa pale pale pa saa, ila muuzaji akianza kuisifu, kutaja majira huja mwisho. Kwanza atakuhesabia mapigo ya moyo, presha, sukari, usingizi, hatua za miguu, kibla, ujumbe wa WhatsApp na jina la anayekupigia. Orodha ndefu kiasi hicho kwa kifaa kidogo kiasi hicho inapaswa kumfanya mnunuzi wa Kasongo au Kabambare, huko Maniema nchini Kongo, asite kidogo kabla ya kufungua pochi. Sehemu kubwa ya kazi zinazotajwa haifanywi na saa. Hufanywa na simu iliyo mfukoni, na simu nayo huazima kwa mnara wa mtandao, kwa sola ya juu ya paa na kwa kompyuta zilizo nchi za mbali. Kwa hiyo thamani ya saa hii kusini mwa Maniema, kwa maoni yangu, ipimwe kwa swali moja ambalo halimo katika maneno ya muuzaji: simu ikizimika, mkononi kunabaki nini?

Tuanze na uzi usioonekana unaozifunga saa na simu, maana hapo ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe huionea saa. Vifaa hivi viwili huzungumza kwa Bluetooth, mawimbi ya redio ya karibu ambayo kazi ya kuyabuni ilianza katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994, yakapewa jina la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Hukaa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na hurukaruka humo ndani kusudi yasigongane na mawimbi ya vifaa vingine. Katika Bluetooth ya zamani huruka mara 1,600 kwa sekunde. Hayahitaji mnara, hayagusi laini ya simu, hayali uniti wala mega. Mtu aliye shambani Kabambare, mahali ambapo simu haioni mtandao hata kidogo, saa yake na simu yake bado zitaonana ilimradi zisiachane zaidi ya mita 10 hivi. Mwaka 2010 lilitoka toleo la 4.0 lenye namna ya kuongea kwa umeme kidogo mno, na ndilo lililowezesha kifaa cha mkononi kukaa hewani mchana kutwa bila kumaliza betri. Basi anayeogopa kwamba saa itammalizia mega kila siku anaogopa bure. Hata hivyo uzi huo hubeba tu kile kilichokwisha kuingia katika simu. Ujumbe ambao mtandao wa Kasongo umeshindwa kuufikisha kwenye simu hautafika mkononi kwa njia nyingine yoyote.

Wazo la kuifanya saa iwe mtumishi wa mashine nyingine lina umri mkubwa kuliko simu za kioo. Mwaka 1984 Seiko iliuza saa ya RC-1000 iliyojazwa majina na namba kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Miaka 10 baadaye Timex, ikishirikiana na Microsoft, ilitoa Datalink, saa iliyosoma mistari ya mwanga iliyomulikwa na kioo cha kompyuta. Mwenye nayo aliuelekeza mkono wake kwenye kompyuta na kusubiri. Mwaka 2012 kampuni changa ya Pebble ilichangiwa na watu zaidi ya dola milioni 10 kwenye mtandao wa Kickstarter ili itengeneze saa ya kupokea taarifa za simu. Samsung ikafuata 2013, Apple ikaingia sokoni Aprili 2015, kisha viwanda vya China vikazishusha bei hadi zikafika masoko ambayo watengenezaji wa kwanza hawakuyafikiria. Miaka 40, na mpangilio haujabadilika: saa ni mpokeaji, kuna mkubwa wake pembeni.

Hata majira yenyewe, kazi ambayo ungedhani ni ya saa peke yake, huazimwa. Ndani ya saa janja na ndani ya Casio ya plastiki inayouzwa kwenye meza za sokoni mna kipande cha kwatsi cha aina moja, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Mhandisi ametofautiana na mwenzake katika mengine, si katika hilo. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na bado inatengenezwa, hupotoka kwa sekunde zisizozidi 30 kwa mwezi, na betri yake hukaa miaka 7. Saa janja ikiachwa bila simu hupotoka vilevile. Huonekana sahihi daima kwa sababu kila inapokutana na simu hurekebishwa, na simu hurekebishwa na mtandao. Kwa mtu wa mjini jambo hili halina uzito. Kusini mwa Maniema lina uzito, na ili kuliona vizuri inafaa kurudi nyuma kidogo, hadi kwa mgeni mmoja aliyekwama Kabambare na saa zake.

David Livingstone aliingia Kabambare Septemba 1869, na baadaye vidonda vya miguu vilimlaza hapo kuanzia Julai hadi Oktoba 1870, naye akaendelea kukwama hapo hadi Februari 1871. Katika safari zake alibeba kronomita, saa za usahihi mkubwa zilizotunza majira ya Greenwich. Hesabu ilikuwa nyepesi: ukijua ni saa ngapi Greenwich na ukalitazama jua la mahali ulipo, tofauti ya dakika 4 ni nyuzi 1 ya longitudo, yaani kilomita 111 hivi karibu na mstari wa ikweta. Lakini mapema mwaka 1867, kabla hajafika Maniema, mchukuzi aliyebeba kronomita aliteleza akaanguka nazo, na tangu hapo makadirio yake ya mahali yalikosea kwa makumi ya kilomita bila yeye kujua. Chombo kilikuwa cha thamani kubwa, na kiliendelea kuonyesha majira kana kwamba hakuna lililotokea. Nafuu pekee ilikuwa kukisahihisha kwa mwezi na nyota, pale mawingu yalipomruhusu.

Hesabu hiyo ya dakika 4 bado inafanya kazi Kasongo leo, na hupita ndani ya kila saa janja. Kongo ina kanda mbili za majira: ya magharibi, iliko Kinshasa, na ya mashariki, iliko Maniema, ambako majira hutangulia kwa saa nzima. Kwenye orodha ya simu ukanda wa mashariki umeandikwa Lubumbashi. Ukitafuta Kindu au Kasongo hutaipata. Mtu asiyejua hilo huchagua Kinshasa kwa sababu ndio mji mkuu, na saa hutii. Kukosea saa nzima hugundulika siku ya kwanza kazini au shuleni. Kuna kosa dogo zaidi linaloweza kudumu miezi, nalo linawahusu hasa Waislamu wa Kasongo, mji ambao ni miongoni mwa vitovu vya kale vya Uislamu nchini Kongo tangu Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alipoufanya makao yake katika miaka ya 1870.

Saa nyingi za bei ya chini hazina GPS ndani yake. Nyakati za sala hupewa na programu ya simu, na programu hiyo huuliza mwenyewe yuko mji gani. Tuseme amejibu Kinshasa, ingawa majira ya simu yenyewe ni sahihi. Kinshasa iko kwenye nyuzi 15.3 mashariki, Kasongo kwenye nyuzi 26.7 hivi, miji yote miwili iko kusini ya ikweta kwa kipimo kinachokaribiana, hivyo jua lao halitofautiani ila kwa mashariki na magharibi. Zidisha tofauti kwa 4 upate dakika 45 hivi. Alfajiri ya Kasongo huingia dakika 45 kabla ya ile ya Kinshasa, na ya Kabambare huitangulia ya Kasongo kwa dakika 4 nyingine. Mfungaji anayekula daku hadi mkono utetemeke atakuwa amekula kwa robo tatu ya saa baada ya alfajiri kuingia, na jioni atakaa na kiu wakati majirani wamekwisha kufuturu. Mwadhini mzee anayetoka nje na kutazama anga hawezi kukosea kwa dakika 45. Kibla nacho kina habari yake: kutoka Kasongo, Makka iko nyuzi kama 26 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, ila saa isiyo na dira ndani yake huchora mshale tu juu ya kioo, na mshale huo huzunguka pamoja na mkono wako. Anayezishutumu saa hizi kwa jambo hili aelewe kwamba dawa yake ni ndogo: chagua Lubumbashi kwenye orodha ya majira, na mahali paandikwe Kasongo kwa namba za ramani. Lakini dawa hiyo hutiwa kwenye simu, si kwenye saa.

Umeme ni mwepesi kuueleza. Kasongo na Kabambare nyumba nyingi zinazopata umeme huupata kwa sola au jenereta, na asiye navyo hupeleka simu kibandani akalipia chaji. Saa yenyewe haina ulafi. Betri yake ni kama sehemu ya 20 ya betri ya simu ya kawaida ya siku hizi. Kwa miaka mingi Apple iliahidi saa 18 kwa chaji moja ya saa zake za kawaida, wakati mikanda midogo ya China yenye kioo kidogo hukaa wiki moja au mbili. Gharama halisi hujificha upande wa simu: Bluetooth iliyowashwa muda wote na programu inayofanya kazi kichinichini huifanya simu nayo iombe chaji mapema. Kwa anayelipia kibandani, saa imempa simu mdomo wa ziada.

Sasa afya, maana hapa ndipo fedha nyingi hutolewa kwa matumaini. Vile vitaa vya kijani vina kazi ya kweli. Damu hunywa mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka mkononi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo. Saa huhesabu kupungua huko na kutoa idadi ya mapigo kwa dakika. Mtu akiwa ametulia, mkanda umebana vizuri, hesabu hiyo hukaribia ukweli hata kwenye saa za bei ndogo. Hatua za miguu huhesabiwa na kifaa kingine kidogo kinachohisi mtikisiko, na usingizi hukisiwa kutokana na kutulia kwa mkono na mapigo. Hadi hapo hakuna uchawi wala ulaghai. Tatizo huanza vitaa hivyohivyo vinapodaiwa kupima presha na sukari. Hakuna saa inayoweza kusoma sukari ya damu kwa kumulika ngozi tu. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasinunue saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na ikasema haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa anaweza kuzimia na kufa ndani ya saa chache. Kuna jaribio lisilohitaji maabara: ifunge saa kwenye ndizi, au kwenye karatasi iliyokunjwa kama gogo, kisha uamuru ipime. Saa nyingi zitatoa mapigo ya moyo wa ndizi. Ile itakayotoa na presha yake, na sukari yake juu, irudishwe mezani kwa muuzaji bila mjadala mrefu.

Hata vipimo vinavyoaminika vina kasoro ambayo msomaji wa Kiafrika anastahili kuambiwa waziwazi. Rangi nyeusi ya ngozi nayo hunywa mwanga, hivyo chombo kilichorekebishwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kupotoka kikifungwa mkono mweusi. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye vibanio vya kidoleni vya kupima oksijeni hospitalini: makala ya New England Journal of Medicine ya Desemba 2020 ilionyesha kwamba nchini Marekani, miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kiliwaonyesha wako salama, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa wamepungukiwa oksijeni, dhidi ya asilimia 3.6 ya Wazungu. Hivyo ni vifaa vya hospitali. Saa ya sokoni inayoonyesha oksijeni asilimia 98 bila kutikisika isipewe imani ambayo kifaa cha daktari hakikuistahili.

Mtetezi wa saa atajibu kwamba nimechagua mabaya, na kwamba saa nzuri zimewahi kuokoa watu. Ni kweli, na mfano upo. Uchunguzi uliodhaminiwa na Apple, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa zake. Walioonywa kwamba mapigo yao hayana mpangilio hawakufika asilimia 1. Kati ya walioonywa wakavaa kiraka cha kupimia moyo na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa na hitilafu ya moyo inayoweza kuleta kiharusi. Lakini tazama ni nini kilichokuwa nyuma ya saa hizo: daktari aliyeongea na mgonjwa kwa video, kiraka kilichotumwa kwa posta, wataalamu waliosoma michoro, hospitali ya kumpokea mgonjwa. Saa ilikuwa kengele ya mlangoni. Nyumba nzima ilikuwa nyuma yake. Kasongo yenyewe iliwahi kuufundisha ulimwengu jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilishirikiana na waganga na wauguzi wa Zaire katika kazi iliyojulikana kama Mradi wa Kasongo, ikajenga mtandao wa vituo vidogo vya afya vilivyounganishwa na hospitali ya Kasongo. Makala yao ya mwaka 1988 ilionyesha kwamba palipofika kituo chenye muuguzi anayesikiliza, kuandika na kumpeleka mgonjwa mbele inapobidi, watu walipungua kulazwa hospitalini kwa magonjwa yanayoweza kuzuilika. Vifaa vya vituo hivyo vilikuwa vichache kwa makusudi. Namba ilikuwa na maana kwa kuwa alikuwepo mtu wa kuifanyia kazi. Namba inayowaka mkononi saa nane za usiku katika kijiji kilicho mbali na Kabambare-mjini, mahali ambapo barabara ya mvua inapitika kwa pikipiki tu, humpa mwenyewe hofu ambayo hana pa kuipeleka.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la aina nyingine. Watasema: hata simu ya mkononi iliitwa anasa ya matajiri, na leo mama muuza mafuta ya mawese anapokea malipo kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa nini saa isipite njia hiyo? Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu lina historia upande wake. Ila simu haikufika Kasongo peke yake. Ilikuja na minara, na wakala wa kuuza uniti kila kona, na fundi wa kubadilisha kioo, na vibanda vya chaji, na juu ya yote ilileta kitu ambacho hakikuwepo kabisa, sauti ya mtu aliye Kindu au Bukavu bila kusafiri siku kadhaa. Saa haileti kitu ambacho hakikuwepo. Inakisogeza kilichomo mfukoni hadi mkononi, umbali wa nusu mita. Tena wengi bado wanatumia simu za vitufe, ambazo haziwezi kubeba programu ya saa. Na mwenye saa ya Apple hawezi kuiunganisha na simu ya Android hata akiomba. Zipo saa zenye nafasi ya laini yake zenyewe, kama ile ya China iitwayo DZ09, ambazo hupiga simu bila kutegemea simu nyingine. Kwa kipimo cha swali langu la mwanzo hizo zimefaulu zaidi kuliko zile za kifahari, ingawa kuongea na mkono wako mbele ya watu sokoni kunahitaji ujasiri fulani.

Kuna watu ambao nusu mita hiyo inawafaa, na ingekuwa ukaidi kuwanyima haki yao. Mwendesha pikipiki wa njia ya Kasongo hadi Samba hasikii simu ikilia mfukoni kwa sababu ya injini, na kuitoa akiwa mwendoni ni kutafuta mauti. Mtetemeko mkononi humwambia asimame pembeni apokee. Kiziwi huamshwa na mkono bila kusumbua nyumba. Muuguzi aliyevaa glavu huona anayempigia bila kugusa simu. Kijana anayeinunua kwa sababu inang'aa naye simlaumu. Watu wamevaa saa kwa fahari tangu saa zianze kuvaliwa, na pambo halihitaji hoja. Aangalie tu kwamba ujumbe wa M-Pesa hujitokeza kwenye kioo pamoja na kiasi kilichoingia, na aliyeketi ubavuni mwake ndani ya lori ataisoma hesabu hiyo kabla yake. Sehemu hiyo ya taarifa izimwe siku ya kwanza. Na programu inayodai ruhusa ya kusoma majina yote ya simu, ujumbe wote na mahali ulipo, ili tu ihesabu hatua zako, inyimwe mambo mawili kati ya hayo matatu, au yote. Januari 2018 ramani ya mazoezi iliyochapishwa na kampuni ya Strava, iliyokusanywa kutoka kwenye saa na simu za wakimbiaji, iligunduliwa kwamba inaonyesha kambi za kijeshi ambazo hazikutakiwa kujulikana. Katika eneo kama Salamabila, ambako watu wenye silaha wamewahi kuvuruga maisha zaidi ya mara moja, si kila mtu anahitaji kuacha alama ya njia anayopita.

Mara nyingi mazungumzo kama haya huko Maniema huishia kwenye madini, na kwa haki kabisa. Ndani ya saa janja kuna bati kwenye viungo vya umeme, tantali inayotokana na koltani kwenye vihifadhi vidogo vya chaji, dhahabu kwenye miguso, na mara nyingi tungsteni kwenye kile kizito kidogo kinachozunguka ili mkono utetemeke. Ni madini manne yaleyale ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 2010, Dodd-Frank, iliyataja kwa jina na kuzitaka kampuni zieleze kama zinayapata Kongo au nchi jirani. Maniema hutoa kasiteriti na koltani, na huko Namoya, katika eneo la Kabambare, kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka 2016. Hivyo hoja kwamba mwili wa saa unadaiwa na ardhi hii ni hoja ya kweli. Kinachoipa saa uhai, hata hivyo, hakichimbwi. Kiko kwenye programu na kwenye kompyuta za mwenye kampuni, naye anaweza kuzima. Wenye saa za Pebble waliliona hilo: kampuni ilifungwa Desemba 2016, kompyuta zilizozihudumia saa zake zikazimwa katikati ya 2018, na saa nzima ambazo hazikuwa na mkwaruzo zikapoteza sehemu ya kazi zake usiku mmoja. Zilinusurika kwa sababu wapenzi wake wenye ujuzi walijenga huduma yao wenyewe kwa jina la Rebble. Saa ya bei ndogo isiyo na jina haina wapenzi wa namna hiyo. Programu yake ikiondolewa kwenye duka la Google, simu mpya utakayonunua haitaijua.

Kwa hiyo anayetaka kununua, na amekwisha kuamua, afanye majaribio mezani kwa muuzaji kabla ya kulipa. Aiunganishe na simu yake mwenyewe, si ya muuzaji, maana programu nyingine hukataa simu za zamani. Kisha aizime simu kabisa. Saa iendelee kuonyesha majira, kuhesabu hatua, kulia kengele aliyoitegesha na kupima mapigo. Ikishindwa hata moja ya hayo manne, ni kioo cha simu tu na bei yake ishuke kama kioo. Atazame kama muda wa betri uliotajwa unahesabiwa kwa siku au kwa saa. Aulize habari ya maji, kwa sababu mvua ya Maniema haingoji. Mwisho aushike ule waya mfupi wenye sumaku unaobana kwenye vijipini vya tumboni. Nafasi kati ya vijipini hutofautiana kutoka saa hadi saa, waya wa jirani hautaingia, na waya huo ukipotea Kasongo huenda ukalazimika kuagizwa Bukavu au mbali zaidi. Kama muuzaji hana wa pili wa kumuuzia pamoja na saa, kwenye meza hiyohiyo Casio zipo.